Nani Anasikiliza Chyulu?

Majuzi niliposti video fupi nikiwa nimesimama juu ya mawe meusi upande wa Kibwezi, nikasema hayo mawe zamani yalikuwa moto unaotembea. Kabla hata sijafika nyumbani, msee mmoja alikuwa ameshaandika: "Buda, Kenya hatuna volkano. Hiyo mambo ni ya Kongo." Komenti yake ikapata laiki nyingi kuliko video yenyewe. Iliniuma kidogo, sitadanganya.

Nimeamua kumjibu kwa maandishi kwa sababu video ya sekunde tisini haitoshi. Na pia kwa sababu nilipoanza kutafuta jibu nilikuwa na hasira fulani kichwani kuhusu Goma, hasira nimetembea nayo tangu 2021, na sasa nimelazimika kuirekebisha. Nitafika hapo.

Tuanze nyumbani. Mimi ni wa Mbumbuni. Kwetu ukitaja volkano mtu anafikiria picha ya Kilimanjaro kwenye kalenda ya duka. Lakini vuka mto Athi uelekee Kitui, utakutana na Yatta, ule mwinuko ulionyooka juu kama mtu aliupiga rula. Hiyo ni lava. Inaanzia upande wa Ol Doinyo Sabuk inateremka hadi Tsavo, karibu kilomita 290, na ni kati ya mitiririko mirefu zaidi ya lava inayojulikana duniani. Ilimwagika miaka kama milioni 13 iliyopita ikafuata bonde. Ikapoa, ikawa jiwe. Halafu mvua ya mamilioni ya miaka ikabeba udongo laini wa pande zote mbili, ile lava ngumu ikabaki juu. Yaani mahali palipokuwa bonde ndipo leo unapanda kwa kupumua kwa mdomo.

Yatta imelala usingizi wa kudumu, hiyo msiogope. Chyulu ni stori nyingine. Ile milima ya kijani unayoiona ukiwa Mombasa Road, baada ya Makindu, ukiangalia upande wa kulia kama unaenda Pwani, ni mamia ya vilima vya volkano vilivyopangana kwenye mstari wa karibu kilomita 100. Ya upande wa kaskazini ndiyo mikongwe, zaidi ya miaka milioni moja. Kadiri unavyoshuka kusini-mashariki inazidi kuwa michanga. Na miwili iliyo michanga kabisa, Shetani na Chaimu, ililipuka karibu mwaka wa 1855 au 1856.

Soma hiyo tarehe tena. Si milioni. Elfu moja mia nane hamsini na kitu.

Ili ujue ni karibu kiasi gani: Desemba 1849, Mjerumani Johann Krapf alikuwa Kitui kwa mfanyabiashara maarufu wa Kikamba, Kivoi, na kutoka huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Mwaka mmoja kabla, mwenzake Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakamcheka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Miaka sita hivi baada ya Krapf kuwa Kitui, ardhi ikapasuka kule chini ya Chyulu. Hiyo ilikuwa enzi ya misafara ya Wakamba ya pembe za ndovu kwenda Mombasa. Mimi nakisia, na ni kukisia tu, kwamba kuna Mkamba aliyekuwa safarini usiku huo akaona anga imekuwa nyekundu upande usio wa jua, akamwamsha mwenzake.

Lava ya Shetani ipo hadi leo ndani ya Tsavo West. Urefu kama kilomita 8, upana kilomita moja na nusu hivi, nyeusi kabisa, mimea bado inajishikilia kwa shida. Jina lenyewe linakuambia watu waliichukuliaje. Moto ulitoka chini ukatembea, wakasema ni shetani. Kuna hadithi kwamba ukitulia pale utasikia sauti za waliozikwa chini yake.

Watu wengi wa rika letu wakisimulia hii hadithi huwa wanacheka, ati wazee walikuwa washamba. Mimi sicheki. Waliona tukio la hatari, wakalipa jina ambalo halisahauliki, wakaliacha mahali palepale kama kibao cha onyo. Bila jina hilo na bila masimulizi hayo, tungekuwa na mawe tu. Hawakuwa na chombo kingine.

Lakini kuna mtu mwingine aliyekuwa nacho, na hapa ndipo historia inapofanya kitu cha ajabu. Mwaka wa 1856, wakati ambapo lava ya Shetani pengine bado ilikuwa na joto ndani, Mwitaliano Luigi Palmieri alikuwa kwenye mlima Vesuvius, karibu na Napoli, akitengeneza mashine ya umeme ya kunasa mitetemeko. Mlima huo ulikuwa na kituo chake cha uchunguzi tangu 1841. Mashine ya Palmieri ilikuwa na mirija ya zebaki: ardhi ikitikisika, zebaki inacheza, umeme unaunganika, saa inaandika muda. Ni mojawapo ya saismografu za kwanza za umeme duniani. Milima miwili, miaka ileile. Mmoja umepewa jina la kutisha, mwingine umewekewa mashine inayoandika usiku na mchana.

Kwa nini mtetemeko? Kama umewahi kupika muthokoi unajua. Hufunui sufuria kila dakika kuangalia. Unasikiliza. Kifuniko kinaanza kutikisika kidogo, halafu haraka, halafu unakimbia jikoni. Magma ikipanda inavunja miamba njiani, na kila mwamba unaovunjika ni tetemeko dogo ambalo wewe uliyelala hulisikii lakini mashine inalisikia. Ardhi nayo inavimba, sentimita chache. Gesi zinazotoka zinabadilika. Wataalamu wanafuatilia hizo dalili zote kwa pamoja, na kikubwa kuliko vyote wanataka kujua mlima ukiwa umetulia huwa unafanya nini. Bila kujua kawaida yake, hutajua siku umebadilika. Ndiyo maana data ya miaka kumi ya kuboesha ina thamani kuliko data ya wiki moja ya kusisimua.

Sasa, sisi Kenya tulianza kusikiliza lini? Mashine za kisasa zilifika Nairobi miaka ya 1960, na hapa mtacheka. Zilikuja kama sehemu ya mtandao wa Marekani wa vituo duniani kote, na sababu kubwa ya mtandao huo ilikuwa kusikia majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Urusi. Hata leo, kituo cha Kilimambogo, palepale kwenye ule mlima wa Ol Doinyo Sabuk ambako Yatta inaanzia, kimo kwenye orodha ya vituo vya kimataifa vya kukagua majaribio ya nyuklia. Tetemeko letu likija linasikika pia, bila shaka. Ila waliolipia sikio walikuwa wanasikiliza kitu kingine.

Halafu kuna mradi ulioitwa KRISP, kati ya 1985 na miaka ya 1990, wa wanasayansi wa Ulaya na Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi. Walilipua baruti chini ya ardhi na ndani ya maziwa, wakatandaza mashine kwa mamia ya kilomita kusikiliza jinsi mawimbi yanavyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakafika Chyulu. Chini ya vile vilima mawimbi yalipunguza mwendo, dalili ya kwamba huko chini kabisa kuna joto, na pengine mwamba ulioyeyuka kiasi. Wakafungasha mashine wakarudi kwao. Hivyo ndivyo miradi huwa: inakuja, inapima, inaandika, inaenda.

Mfano ambao hunishangaza zaidi ni Longonot. Kati ya 2004 na 2006 ule mlima mnapanda wikendi kupiga picha ulivimba kama sentimita 9. Paka, kule Baringo, ikavimba kama sentimita 21 kwa miezi tisa hivi, 2006 hadi 2007. Suswa na Menengai nazo zilikuwa zimeshuka kidogo miaka ya mwisho ya 1990. Tunajuaje? Setilaiti za Ulaya zilikuwa zikipita juu zikipiga ardhi kwa rada, na watafiti wakalinganisha picha, wakachapisha matokeo 2009. Yaani mlima ulivimba, ukatulia, na watu wa Naivasha wakaendelea kuuza samaki, halafu miaka mitatu baadaye ndio tukaambiwa. Kuvimba si lazima kuwe mlipuko, volkano nyingi huvimba zikarudi. Lakini hebu fikiria daktari anakupigia 2009 kukuambia homa uliyokuwa nayo 2006.

Kuna mahali tunasikiliza wenyewe, tena vizuri: Olkaria na Menengai. KenGen na GDC wana mashine huko kwa sababu kuna mvuke, mvuke ni umeme, umeme ni pesa. Sina ubaya na hiyo. Ila Kenya haina kituo kimoja maalum cha volkano kama kile cha Goma. Na Chyulu haina mvuke wa kuuza. Chyulu ina maji. Mvua inanyesha juu ya ile miamba yenye matundu, inazama, inatokea Umani kule Kibwezi na Mzima ndani ya Tsavo, na ya Mzima inapelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Barabara ya Mombasa inapita hapo chini, na reli pia. Wewe wa South B unayesema Chyulu haikuhusu, mizigo yako yote inapita miguuni mwake.

Kwa hiyo hadi hapo nilikuwa na makala rahisi: hatusikilizi, tutaona cha moto. Na nilikuwa na mfano wa kuimalizia. Goma.

Goma ni mji wa Waswahili wenzetu, mashariki ya Kongo, ufukweni mwa Ziwa Kivu, na Nyiragongo iko juu yake kilomita kama 15 hivi. Huko Kiswahili chenyewe kimetoa neno la sayansi. Gesi ya kaboni inayojikusanya kwenye mabonde ikaua mbuzi, na watoto pia, wenyeji waliiita mazuku. Leo mtaalamu wa volkano wa Japani au wa Italia akiandika kuhusu hiyo gesi anaandika "mazuku". Hilo neno halikutoka maabara. Limetoka kwa watu waliokuwa wanachunga.

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta ya Nyiragongo lilipasua kuta za mlima likamwagika lote kwa chini ya saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, haina ule mwendo wa uji. Ilishuka kwa kasi ya gari. Vijiji vikafunikwa, na hesabu ya waliokufa inatofautiana kutoka makumi hadi mamia.

Tarehe 17 Januari 2002 ikaja tena. Safari hii kulikuwa na mtu anasikiliza: mtaalamu Mkongo, Dieudonné Wafula, na wenzake, na saismografu mbili tu zilizokuwa zinafanya kazi, katikati ya vita. Mitetemeko ilibadilika, akatuma maonyo kabla. Serikali gani ingemsikiliza? Goma ilikuwa mikononi mwa waasi. Lava ikafuata nyufa hadi uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji ikaingia ziwani. Zaidi ya watu mia moja wakafa, na zaidi ya laki moja wakabaki bila makao. Mamia ya maelfu wakavuka kwenda Rwanda kwa miguu.

Baada ya hapo pesa zikaja. Mashine zikaongezwa, kituo cha Goma kikawa na vifaa ambavyo nchi nyingi za Afrika hazina. Halafu ufadhili wa Benki ya Dunia ukaisha 2020 na haukuongezwa. Kuanzia Oktoba 2020 kituo hakikuwa na intaneti. Mashine ziko mlimani, mlima unaongea, lakini data haifiki ofisini. Ilirudi Aprili 2021 walipopata msaada mwingine. Mei 10 wakatoa taarifa kwamba mitetemeko imeongezeka. Jumamosi ya Mei 22, jioni, Nyiragongo ikapasuka. Watu wasiopungua 32 walikufa, baadhi yao si kwa lava bali kwa ajali za barabarani wakikimbia gizani.

Nilikuwa kijana mwenye simu na bando la usiku wakati huo, natazama zile video za anga nyekundu, na niliposikia mambo ya intaneti nilichemka. Nimesema mara nyingi tangu hapo, hata kwenye laivu moja ambayo wengine wenu mnaikumbuka: watu 32 walikufa kwa kukosa bando. Ni sentensi tamu. Inashika. Ilinipa wafuasi.

Si kweli. Ama tuseme, siwezi kuithibitisha, na kuna ushahidi unaoenda kinyume. Mwaka wa 2022 kundi la watafiti, Wakongo wakiwemo, lilichapisha uchambuzi wa data yote kwenye jarida la Nature. Walichokuta ni kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za kawaida. Magma ilikuwa tayari iko juu, karibu kabisa, na kilichotokea ni kuta za mlima kushindwa kuibeba. Ishara za wazi zilianza kuonekana kwa mashine chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Intaneti ilikuwa imesharudi. Hata ungekuwa na bando la mwezi mzima, ungepata dakika arobaini hivi. Dakika arobaini za kuamsha mji wa watu mamia ya maelfu.

Nilikaa na hiyo habari siku kadhaa. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, hakuna mtu ananidai marejeo, ningeweza kuinyamazia na nyinyi msingejua. Lakini nimewaambia uongo mtamu kwa miaka, basi nautoa hapa kwa maandishi. Ile miezi ya giza ilikuwa aibu kubwa na bado naiita aibu. Sina haki ya kuihesabia wafu.

Je, kwa hiyo mashine hazina kazi? Hapana, subiri, kuna sehemu ya pili ya hiyo Mei ambayo hatukuiposti. Baada ya lava kusimama nje kidogo ya mji, ardhi haikutulia. Mamia ya mitetemeko kwa siku. Na mashine zilionyesha kwamba inahama: magma ilikuwa inajipenyeza kwenda kusini, chini ya Goma yenyewe, kuelekea chini ya Ziwa Kivu. Hilo ziwa limebeba gesi nyingi mno, methani peke yake kama kilomita za ujazo 60. Fikiria moto ukitokea chini ya hiyo kitu. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, mitaa 10 kati ya 18. Karibu watu laki nne wakatoka, kwenda Sake, kwenda Rwanda, na magodoro kichwani.

Magma haikutoka. Ikapoa huko chini. Watu wakarudi, na wengine wakalalamika kwamba walihangaishwa bure, walale nje, watoto waugue, kwa mlipuko ambao haukuja. Nawaelewa. Mimi pia ningelalamika. Ila kwangu hiyo ndiyo siku kituo cha Goma kilifanya kazi yake: kilijua moto uko wapi chini ya miguu ya watu ambao hawakuuona. Wazee wa Shetani waliujua baada ya kutoka.

Na sisi huku tunajua kupoteza hiyo aina ya umakini kwa kelele. Machi 2018 mvua kubwa ilifungua ufa mkubwa karibu na Suswa, ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Mtandao mzima ukasema Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wakasema polepole: kwa kiasi kikubwa ni maji, yamesomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Video ya kugawanyika ilitazamwa na mamilioni. Ya majivu niliitafuta hadi nikachoka. Wakati Julai 2007 Nairobi ilitikisika kweli, maofisi yakamwaga watu barabarani, lile tetemeko kubwa la 5.9 lilitoka kaskazini mwa Tanzania, na Septemba 4 mwaka huohuo Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa kishindo. Watafiti baadaye walionyesha magma ilikuwa imejipenyeza chini ya ardhi karibu na mlima Gelai, jirani yake. Leo Lengai ina vipokezi vya GPS vinavyopima mlima ukisogea kwa milimita, kazi ya watafiti wa Tanzania na Marekani, na data inapatikana kwa yeyote mtandaoni. Mlima ulio mbali na mji wowote mkubwa. Chyulu, yenye barabara, reli na maji ya Mombasa, nayo ningependa iwe na vyake, vya kukaa, visivyofungashwa mradi ukiisha. Anayetafuta kitu cha kumuuliza gavana wa Makueni kwenye kongamano la vijana, hicho hapo.

Na kwa yule msee wa komenti: Agosti naenda Shetani kurekodi sehemu ya pili. Kuna nafasi moja kwenye gari, tunatoka Mtito Andei alfajiri. Beba viatu vigumu, ile lava inakula raba.